Ukurasa usio na alama: jinsi tovuti ya Django inavyomtaka mtu aingie kwanza

Utangulizi

Kitivo cha lugha kina mali ya namna yake: sauti za wazee wanaosimulia hadithi na historia ya ukoo, orodha za maneno, mahojiano yaliyoandikwa neno kwa neno, kazi za mwisho za wanafunzi. Zamani mali hiyo ilikaa ndani ya kabati, na mwenye ufunguo alijulikana. Leo sehemu kubwa imo ndani ya kompyuta, na mara nyingi hatua inayofuata ni kuiweka kwenye tovuti. Hapo swali la ufunguo linarudi: ni nani ataona nini, na ni nani atakayetakiwa kujitambulisha kwanza?

Fundi wa tovuti hujibu swali hilo kwa mistari michache ya programu. Makala hii inaeleza mistari hiyo katika mfumo mmoja unaotumiwa sana, Django. Hatumwombi msomaji awe fundi. Tunamwomba tu akumbuke jambo analolijua tayari kutoka somo la sarufi: kwamba kukosa alama nako kuna maana, na maana hiyo huamuliwa na mfumo mzima.

1. Kiunzi na kazi yake

Tukiandika kazi ya utafiti, tunachagua kiunzi cha nadharia. Hatuanzi kila kitu upya. Tunasimama juu ya dhana zilizokwisha kupangwa na wengine. Watengenezaji wa tovuti nao wana viunzi vyao. Kiunzi cha tovuti ni mkusanyiko wa programu zilizotayarishwa kwa kazi zinazorudiwa kila mara: kupokea maombi ya wageni, kusoma hifadhi ya data, kutengeneza kurasa, kutambua watumiaji.

Django ni kiunzi kimoja cha aina hiyo, kilichoandikwa katika lugha ya programu iitwayo Python. Kilianza mwaka 2003 katika ofisi ya gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, kwa mikono ya Adrian Holovaty na Simon Willison. Mwaka 2005 kilitolewa kwa watu wote bila malipo. Jina lake linatoka kwa Django Reinhardt, mpiga gitaa maarufu aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910.

Kazi yake inakwenda hivi. Mgeni anaandika anwani ya ukurasa. Ombi lake linafika kwenye tovuti na kupita katika vituo kadhaa vya ukaguzi, kimoja baada ya kingine. Kisha Django inatafuta anwani hiyo katika orodha yake na kuita kipande cha programu kinachohusika na ukurasa huo. Kipande hicho tutakiita « kijibu », kwa kuwa kazi yake ni kujibu ombi. Tovuti ndogo ina vijibu kumi au ishirini. Kubwa ina mamia.

2. Alama inayofunga

Tuseme kitivo kinataka tovuti ya hazina yake ya sauti. Ukurasa wa mbele uwe wazi kwa wote, lakini ukurasa wa kila mahojiano usomwe na walioandikishwa tu. Kwa miaka mingi njia ya kawaida ilikuwa kuweka alama juu ya kijibu:

    @login_required
    def mahojiano(ombi, namba):
        ...

Mstari wa kwanza ndio alama. Unafanya kazi kama kiambishi awali: unakaa mbele ya mzizi, na mzizi wenyewe haubadiliki, ila maana ya neno zima inabadilika. Mtu aliyekwisha kuingia ataona ukurasa kama kawaida. Asiyeingia atapelekwa kwenye ukurasa wa kuingia, na Django itabeba anwani aliyoitaka katika neno « next », ili akishajitambulisha arudishwe palepale alipokuwa anakwenda. Ukurasa wa kuingia wenyewe hutajwa katika mpangilio uitwao « LOGIN_URL ». Usipotajwa, Django huchukua anwani « /accounts/login/ ».

Baadhi ya vijibu havikuandikwa kwa namna hii, bali kama madarasa yanayorithi tabia kutoka madarasa mengine. Kwa hivyo kuna alama ya namna nyingine, « LoginRequiredMixin », ambayo huwekwa katika orodha ya wazazi wa darasa. Hapa mpangilio ni sheria: alama hiyo lazima iwe ya kwanza kushoto. Ni kama tunavyosema « nitasoma » wala hatusemi « tanisoma ». Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Ukisema « tanisoma », wasikilizaji watakushangaa papo hapo. Ukiweka alama ya Django nyuma ya darasa la ukurasa, hakuna atakayeshangaa: programu inaendelea, ukurasa unafunguka vizuri, na kila mtu duniani anaweza kuusoma.

3. Kusahau kunakonyamaza

Mfano huu unatufikisha kwenye kiini cha jambo. Katika mpango tulioueleza, kijibu kisicho na alama kiko wazi. Uwazi ndio kanuni, kufunga ndiko kunakohitaji kitendo. Basi usalama wa hazina nzima unategemea kumbukumbu ya fundi kila anapoongeza ukurasa.

Tuseme baada ya mwaka mmoja mwanafunzi mwingine anapewa kazi ya kuongeza ukurasa wa kutafuta maneno ndani ya mahojiano yote. Ni ukurasa wenye faida kubwa kwa watafiti. Anauandika, anaujaribu, unafanya kazi. Yeye mwenyewe ameingia kwa jina lake, kwa hiyo haoni tofauti yoyote. Lakini hakuweka alama. Tangu siku hiyo mtu yeyote anaweza kuandika jina la kijiji katika sanduku la kutafuta na kusoma sentensi za watu waliozungumza na watafiti kwa kuaminiana.

Tukumbuke watu hao ni nani. Mzee aliyekubali kurekodiwa alikubali kwa ajili ya masomo. Huenda katikati ya hadithi alitaja ugomvi wa shamba, ndoa iliyovunjika, au jina la mtu aliyemtendea mabaya wakati wa vita. Mtafiti alimwahidi kwamba maneno yake yatakaa chuoni. Ahadi hiyo sasa imevunjwa na mstari mmoja ambao haukuandikwa, na wala hakuna kengele iliyolia. Hakuna mtumiaji atakayelalamika, kwa sababu kila anayestahili kuona anaona. Anayeona bila kustahili hana sababu ya kusema.

Kosa la namna hii ni gumu kwa sababu ni la ukimya. Msomaji wa programu huona kilichoandikwa. Kisichoandikwa huonekana tu kwa anayejua kwamba kilipaswa kuwapo.

4. Kugeuza maana ya kukosa alama

Wanafunzi wa lugha wanajua kwamba umbo lisilo na alama halikosi maana. Tukisema « Soma! », hatukutaja nafsi yoyote, na bado kila msikilizaji anaelewa kwamba anayeamriwa ni mtu mmoja. Wakiwa wengi ndipo tunapoongeza alama: « Someni! » Sarufi ndiyo iliyoamua kwamba umoja utakaa kimya na wingi utasema. Ingeweza kuamua kinyume.

Toleo la 5.1 la Django, lililotoka Agosti 2024, liliwapa mafundi uwezo wa kuamua kinyume. Liliongeza kituo kipya cha ukaguzi kiitwacho « LoginRequiredMiddleware ». Kikiwekwa katika mpangilio wa tovuti, vijibu vyote vinamtaka mtu aingie kwanza, bila kuandika alama yoyote juu yake. Kinachohitaji alama sasa ni ukurasa ulio wazi.

Katika faili ya mipangilio mtu anaongeza mstari mmoja:

    MIDDLEWARE = [
        ...
        "django.contrib.auth.middleware.AuthenticationMiddleware",
        "django.contrib.auth.middleware.LoginRequiredMiddleware",
    ]

    LOGIN_URL = "/ingia/"

Mistari miwili ya ndani ni vituo viwili vinavyofuatana. Cha kwanza kinatambua mgeni ni nani. Cha pili kinauliza kama ametambuliwa. Maelekezo ya Django yanataka cha pili kikae baada ya cha kwanza, kwa kuwa kinatumia jibu lake. Ni kama kizuizi cha barabarani: askari wa kwanza anasoma kitambulisho, wa pili anainua mti au anauacha chini.

Kisha ukurasa wa mbele, ambao tunataka uwe wazi, unapewa alama ya msamaha:

    @login_not_required
    def ukurasa_wa_mbele(ombi):
        ...

Sasa turudi kwa yule mwanafunzi anayeongeza ukurasa wa kutafuta. Anasahau tena, mwanadamu ni yuleyule. Lakini safari hii kusahau kwake kunafunga ukurasa. Walioandikishwa wanautumia kama kawaida, na mgeni anapelekwa kwenye ukurasa wa kuingia. Na kama ukurasa ulikusudiwa kuwa wazi, mgeni wa kwanza atakayefungiwa ataandika kulalamika, na alama itawekwa siku hiyohiyo.

Hii ndiyo faida nzima ya mpangilio huu. Hauondoi makosa. Unachagua ni kosa gani litapiga kelele. Kabla yake, kosa la kuacha wazi lilikuwa kimya na kosa la kufunga lilisikika. Baada yake, kosa la kusahau linaangukia upande unaosikika.

5. Milango inayopaswa kubaki wazi

Kanuni ya kufunga yote ina mtego wake mmoja. Kama ukurasa wa kuingia nao unamtaka mtu aingie kwanza, mgeni atazungushwa: anapelekwa kuingia, anaambiwa hajaingia, anapelekwa tena, hadi kivinjari kinachoka na kuonyesha kosa. Kijibu cha kuingia kinachotolewa na Django chenyewe tayari kina msamaha. Lakini fundi aliyeandika chake lazima akiwekee alama. Vivyo hivyo ukurasa wa kujiandikisha na kurasa za kumsaidia aliyesahau neno lake la siri: anayezihitaji ni yule hasa asiyeweza kuingia.

Kwa tovuti iliyokwisha kufanya kazi, haifai kuongeza kituo hiki usiku na kulala. Ni heri kuanza na karatasi. Andika anwani zote za tovuti, na mbele ya kila moja andika neno moja: wazi au fungwa. Kazi hii si ya fundi peke yake. Ni ya mkuu wa mradi, ya watafiti waliokusanya mahojiano, na ya wanafunzi watakaotumia hazina. Halafu fundi anaweka kituo, anatia alama za msamaha kwenye zile za « wazi » tu, na anazipitia zote kwa kivinjari ambacho hakijaingia. Afadhali zaidi aandike jaribio dogo linalozipitia lenyewe kila programu inapobadilishwa, likilinganisha matokeo na ile karatasi.

Karatasi hiyo itaonyesha pia kwamba si kila kitu kinapaswa kufungwa. Maandishi ambayo mwenyewe aliyaandika ili yasomwe yanastahili mlango wazi. « Vocabulaire de ville de Elisabethville », historia ya mji wetu iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 katika Kiswahili cha hapa, inasomwa leo na watu wa mbali kwa sababu iliwekwa wazi kwenye intaneti. Kitivo kinachofunga hata orodha ya vitabu vyake hakilindi mtu yeyote. Kinachotakiwa ni kwamba kila ukurasa ulio wazi uwe wazi kwa sababu mtu fulani aliamua hivyo.

6. Kutambuliwa si kuruhusiwa

Hapa ipo tofauti ya maana ambayo hata mafundi huichanganya. Kuingia ni kujibu swali « Wewe ni nani? ». Ruhusa ni jibu la swali jingine: « Mtu huyu anaweza kufanya nini? » Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na msimamizi wa hazina wote wawili wameingia, lakini mmoja tu ndiye anayeweza kufuta mahojiano.

Itifaki ya wavuti yenyewe imechangia mkanganyiko. Jibu lenye namba 401 limepewa jina la Kiingereza lenye maana ya « bila idhini », na kumbe kazi yake ni kusema kwamba mtu hajatambuliwa. Jibu la namba 403, ambalo jina lake ni « imekatazwa », ndilo linalofaa kwa mtu aliyetambuliwa lakini hana ruhusa. Mfasiri anayetafsiri majina hayo neno kwa neno atampotosha msomaji. Inabidi atafsiri kazi ya kila jibu.

Katika Django kituo tulichokieleza kinahusika na swali la kwanza tu. Kwa swali la pili kuna alama nyingine, « permission_required », inayotaja ruhusa fulani. Ina tabia moja ya kuangaliwa: bila maelekezo ya ziada, humrudisha asiye na ruhusa kwenye ukurasa wa kuingia hata kama ameingia tayari. Mtu huyo ataandika neno la siri upya, mara mbili, mara tatu, akidhani amelikosea. Ukiongeza « raise_exception=True », anapata jibu la 403, yaani ukweli: umetambuliwa, lakini ukurasa huu si wako.

7. Mahali ambapo kanuni haifiki

Kituo cha ukaguzi kinasimama kwenye njia ya Django. Kinachopita njia nyingine hakikioni, na hapo ndipo hazina ya sauti inapoweza kuvuja hata baada ya kazi yote tuliyoieleza.

Njia ya kwanza ni faili za sauti zenyewe. Kwa kawaida Django haitumi faili nzito kwa wageni. Kazi hiyo hupewa seva ya wavuti iliyo mbele yake, kwa mfano Nginx, ambayo hutoa faili moja kwa moja kutoka folda. Basi ukurasa wa mahojiano ya tatu unaweza kuwa umefungwa kabisa, na huku faili « mahojiano_03.wav » inapatikana kwa yeyote anayeijua anwani yake. Na anayeijua ya tatu ataikisia ya nne. Dawa ni kuweka folda hiyo chini ya alama ya « internal » katika mpangilio wa Nginx, ili isifikiwe kutoka nje, kisha ombi la sauti lipite kwanza kwa kijibu cha Django. Kijibu kikiridhika, kinaiambia Nginx kwa kichwa cha jibu « X-Accel-Redirect » faili ipi itolewe. Kwa njia hiyo faili nayo inapita kizuizini kama ukurasa.

Njia ya pili ni kompyuta inayotumiwa na wengi. Mtu akiingia, Django humkumbuka kwa muda wa sekunde 1.209.600, yaani wiki 2, ikiwa mpangilio haukubadilishwa. Kwa mwenye kompyuta yake nyumbani muda huo unamfaa. Katika chumba cha kompyuta cha chuo au sibakafe, maana yake ni kwamba anayekaa kwenye kiti baada yako anaweza kuwa wewe. Mpangilio « SESSION_EXPIRE_AT_BROWSER_CLOSE » ukiwekwa « True », kumbukumbu hufutwa kivinjari kinapofungwa, na « SESSION_COOKIE_AGE » hupunguza muda wenyewe. Pamoja na hayo, kitufe cha kutoka kiwe mahali panapoonekana kwenye kila ukurasa.

8. Maneno ya mlangoni

Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Django, kwa alama ya « sw », na ujumbe wake mwingi wa kawaida unaweza kutafsiriwa. Lakini maneno ya ukurasa wa kuingia huandikwa zaidi na mwenye tovuti, na hapo kitivo cha lugha kina neno la kusema.

Tuchukue neno la siri. Programu kadhaa zilizotafsiriwa kwa Kiswahili sanifu zinasema « nywila ». Ni neno fupi na linakaa vizuri kwenye kitufe. Lakini mwanafunzi wa hapa ambaye amezoea Kifaransa cha kompyuta atalielewa « neno la siri » mara moja, na « nywila » huenda atauliza. Au tuchukue ujumbe wenyewe. « Huruhusiwi » ni ujumbe wa 403. Kumwandikia mgeni ambaye hajaingia ni kumfukuza mtu ambaye huenda ni mwenyeji. Kwake ifaayo ni « Tafadhali ingia kwanza », na chini yake mstari unaoeleza jinsi ya kuomba kuandikishwa. Tofauti ya sehemu ya 6 hufika kwa mtumiaji kupitia sentensi hizi mbili tu. Zikichanganywa, mpangilio mzuri kabisa wa programu utaonekana kama ukatili wa ofisi.

Hitimisho

Tumeona njia mbili za kutaka watu waingie katika tovuti ya Django. Moja inatia alama kwenye kilichofungwa, nyingine inatia alama kwenye kilicho wazi. Kwa mashine zote mbili zinaweza kufikia matokeo sawa. Kwa binadamu anayesahau hazilingani, kwa sababu kila moja imeamua kimya kitakuwa na maana gani.

Kwa tovuti ya habari, ambayo kurasa zake zote ni za kusomwa na umma, njia ya zamani inatosha. Kwa hazina yenye sauti za watu, tunashauri njia ya pili, pamoja na ulinzi wa faili na wa kompyuta za pamoja. Na kabla ya mstari wowote wa programu, ile karatasi ya anwani ijazwe na waliokwenda vijijini kurekodi. Wao ndio waliotoa ahadi, na wanajua ni ukurasa gani unaibeba.